Mwacheni Amalize Chuo: Uongozi Nao Unasomewa



Leo sitozungumzia mashela wala mitindo ya mikono ya gauni, ingawa najua kuna maharusi wa baada ya Iddi wanaonisubiri. Leo nina jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi wa Shaabani. Nataka tuwazungumzie wasichana wetu wanaosomea uongozi vyuoni, na sisi watu wazima tunaowacheka.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, nikafanya kozi ya ushoni, kisha nikakaa kwenye cherehani. Leo nina chumba changu cha kushonea, vyerehani sita, na watu saba ambao riziki zao zinapitia pale, Alhamdulillahi. Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono yangu. Kwa hiyo msichana akiniambia anasomea uuguzi, namwelewa. Ualimu, namwelewa. Hesabu za biashara, namwelewa zaidi. Lakini uongozi? Mimi nikisema uongozi mtu anazaliwa nao, kama sauti nzuri ya kusoma maulidi. Ama unayo ama huna. Utausomea vipi?

Mwezi wa Rajabu akaja binti mmoja na barua ya chuo chake. Sitomtaja jina, na yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo. Barua ilisema yuko mwaka wa pili wa stashahada, anaomba nafasi ya mafunzo ya vitendo kwa wiki nane, na somo atakalopimwa nalo linaitwa nadharia na vitendo vya uongozi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa tunashona. Hapa hatuongozi mtu." Akainama kwa adabu, akaniuliza, "Dada, na hawa saba anawaongoza nani?"

Sikuwa na jibu. Nikampa ufagio, na daftari la kuandikia vipimo vya wateja. Nikajisemea, wiki nane si nyingi.

Shaabani mnaijua ilivyo. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani. Tulikuwa na gauni la bi harusi wa Ijumaa, lesi yake imeletwa na shangazi yake kutoka Dubai, haipatikani Darajani hata ukienda na fedha mkononi. Alhamisi baada ya Alasiri bi harusi akaja kujaribu. Zipu ikakataa kupanda. Kifua kimepungua inchi mbili nzima.

Dada zangu, bi harusi akikulilia ndani ya duka lako siku moja kabla ya akdi, utaijua dunia. Nilipiga kelele mpaka muuza juisi wa nje akachungulia. Ikajulikana kwamba mwanagenzi wangu, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekata vibaya. Alisoma vipimo vya mteja mwengine. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama sakafu. Nikamuuliza tena, akatazama sakafu tena. Nikamwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

Usiku ule tulikesha. Tulitoa kipande kwenye mkia wa gauni tukakitia mbavuni, tukakifunika kwa shanga. Karibu na adhana ya Alfajiri likaisha. Bi harusi alivaa, alipendeza, na hakuna mgeni aliyejua. Nikadhani limekwisha.

Wiki iliyofuata yule mwanafunzi akanipa daftari lake la mafunzo nilitie saini. Ndiyo utaratibu wao: mwenye kazi asome, atie saini, mwalimu apitishe. Kwa kawaida nilikuwa natia saini tu bila ya kusoma. Siku ile, sijui kwa nini, nikasoma. Aliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Nayaweka hapa kama nilivyoyakumbuka:

Aina ya uongozi ni ya kiimla. Fundi mkuu akitoka kwenda Darajani, kazi husimama na simu hutolewa. Akirudi, vyerehani vyote hulia kwa pamoja. Makosa hufichwa. Mwanagenzi alilijua kosa la gauni siku tatu kabla. Wafanyakazi wengine wawili walilijua pia.

Damu ilinipanda kichwani. Mtoto wa watu nimempokea, nampa nauli na chakula cha mchana, halafu ananiandika imla na kwenda kuniweka mbele ya mwalimu wake! Sikutia saini. Nilichukua daftari nikaenda nalo nyumbani, nia yangu asubuhi nimrudishie na barua yake. Baada ya Isha nikakaa kwenye mkeka nikalisoma upya. Nilitafuta uongo ndani yake, sikuuona. Lililoniuma zaidi ni ule mstari wa mwisho. Watu watatu ndani ya chumba changu walijua kwamba gauni la bi harusi limeharibika, na wote watatu waliona ni salama zaidi kunyamaza kuliko kuniambia mimi. Si kwamba hawakuwa na huruma na bi harusi. Waliniogopa.

Asubuhi nikamwita pembeni. Nikamuuliza, "Haya umeyatoa wapi?" Akatoa madaftari yake ya darasani.

Akanisomea habari ya mtaalamu mmoja aitwaye Kurt Lewin, aliyekuwa Marekani. Yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya utafiti wao mwaka 1939. Waliwakusanya watoto wa kiume wa miaka kama kumi katika vikundi vya kazi za mikono baada ya skuli, wakawa wanatengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kikundi kimoja kilipewa mkubwa anayeamuru kila kitu. Chengine kilipewa mkubwa anayewashirikisha watoto katika kupanga. Chengine kikapewa mkubwa anayewaacha wafanye watakavyo. Kisha yule mkubwa akawa anatoka chumbani. Watoto wa yule anayeamuru, akitoka tu, kazi inalala. Watoto wa yule anayeshirikisha, akitoka, wanaendelea.

Mimi nilinyamaza. Mzungu huyo wa mwaka 1939 alikuwa ananisimulia chumba changu cha kushonea. Watoto wanatengeneza vinyago, sisi tunashona magauni, na mkubwa akitoka mlangoni kinachotokea ni kile kile.

Hapo ndipo nilipoanza kulibadilisha lile neno langu la kuzaliwa nao. Maana mimi mwenyewe sikuzaliwa na ukali ule. Nilijifunza kwa fundi aliyenifundisha, naye alijifunza kwa aliyemfundisha. Na kama ukali unafundishwa, basi na mengine yanafundishika.

Mnaofuatana nami hapa mnajua kwamba siku za Jumamosi nahudhuria darsa la kinamama. Baada ya mazungumzo yale ilinijia habari ya Hudaibiya, ambayo nimeisikia mara nyingi na sikuwahi kuitazama kwa jicho hili. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W.) na masahaba zake walitoka kwenda kufanya umra, wakazuiwa na Makureshi kuingia Makka, ukaandikwa mkataba. Masahaba walikuwa na huzuni nzito. Mtume akawaamrisha wachinje wanyama wao na wanyoe, na kwa uzito wa majonzi hakuinuka mtu. Akaingia kwa mkewe, Bi Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo, masahaba wakainuka wote wakafuata.

Tazameni, dada zangu. Mwanamke huyu hakupanda jukwaani wala hakumnyang'anya mtu nafasi yake. Alizisoma nyoyo za watu. Alijua kwamba watu wale si waasi, wamevunjika moyo, na aliyevunjika moyo humzidishii amri, unamwonesha kitendo. Na Mtume, aliyekuwa anateremshiwa wahyi, alimsikiliza. Kisha mimi fundi wa vyerehani sita naona unyonge kumsikiliza mwanagenzi wangu? Tena dini yetu ina sura nzima inayoitwa Shura, yaani kushauriana. Hilo nalijua tangu chuoni, nilipokuwa mtoto na ubao wangu. Nilikuwa nalijua kwa ulimi tu.

Basi nikaanza kujaribu. Nitawaambia yaliyofaa na yasiyofaa, nisije nikaonekana nauza dawa ya kila maradhi.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha vyerehani tukawa tunakaa dakika kumi. Kila mtu anasema ana kazi ya nani, ya siku gani, na nini kinamtatiza. Na nikaweka ahadi mbele ya wote: kosa likisemwa siku ile ile, hakuna makelele na hakuna kukatwa kitu. Siku tano za mwanzo hakusema mtu. Siku ya sita yule yule mwanagenzi akaniijia mkono unatetemeka. Ameunguza hariri kwa pasi, ukubwa wa sarafu. Ilikuwa haijafika hata robo saa tangu aiunguze. Nilihisi kelele imenifika kooni, nikaimeza. Nikampa fedha, akapanda daladala, akarudi na nusu mita ya kitambaa kile kile kabla maduka hayajafungwa. Mteja hakujua, na mimi sikukesha. Nikapiga hesabu ya lile gauni la lesi: usiku mzima wa kazi, shanga, chakula cha watu, na machozi ya bi harusi. Hii nyengine imenigharimu nusu mita na nauli.

Yasiyofaa yalikuwepo pia. Nilidhani kushirikisha maana yake ni kila jambo tuulizane. Nikaanza kuwauliza hata saa ya kufungua duka. Mmoja akaelewa kwamba sasa hakuna mkubwa, akawa anakuja saa nne. Nikamlalamikia mwanafunzi kwamba kitabu chake kinanivunjia kazi. Akanifungulia ukurasa mwengine, wa wataalamu Paul Hersey na Ken Blanchard, walioeleza tangu mwaka 1969 kwamba hakuna namna moja ya kumwongoza kila mtu. Anayeanza kazi unamwelekeza hatua kwa hatua. Akiinuka kidogo unamweleza na sababu. Akijua lakini bado ana woga, unashirikiana naye. Akikomaa unamwachia. Ukimwachia anayeanza umempoteza, na ukimwelekeza aliyekomaa umemdharau.

Nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo tunavyofundisha ushoni. Siku ya kwanza humpi mtu lesi ya bi harusi. Unampa karatasi ya kaki achore na akate. Kisha unampa kitambaa cha bei nafuu, kisha foronya, kisha dera, na gauni la harusi linakuja mwisho. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa kitambaa, sikuwa nayajua kwa watu.

Sasa msije mkafikiri kwamba mwanafunzi alikuwa na majibu yote. Naye alipata somo lake.

Wiki ya sita nikamwambia, "Haya, sasa ongoza wewe." Tulikuwa na sare za kupambia, nguo ishirini na nne za mawifi na mashoga wa bi harusi mmoja. Nikampa watu watatu na siku tisa. Akafurahi. Akachora ratiba kwa rangi akaibandika ukutani, akaita mkutano, akazungumza karibu saa nzima. Siku ya pili bi mkubwa wetu, mama wa watu mwenye miaka zaidi ya thelathini kwenye cherehani, akaikunja ile ratiba akapepea mkaa. Akasema, "Mimi siongozwi na mtoto asiyejua hata kupinda chini ya nguo." Binti akaenda uani akalia.

Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Nikamwambia tu, "Kitabu chako kinasemaje?" Akafuta machozi akasema, "Kitabu kinasema kiongozi apate kukubalika. Hakikusema kwa bi mkubwa." Basi nikamwambia, hapo ndipo kitabu kinapokoma na wewe unapoanza.

Siku ya pili yake aliwahi kuliko wote. Akachukua kigoda akakaa miguuni kwa bi mkubwa, akamwomba amfundishe kupinda. Hakutaja ratiba. Mpaka Adhuhuri amepinda nguo tatu, mbili zikafumuliwa. Baada ya chakula akamuuliza, "Bibi, ingekuwa wewe una nguo hizi ishirini na nne na siku saba zilizobaki, ungeanzaje?" Bi mkubwa akamweleza: kata zote kwanza, mikono yote kwa mtu mmoja, shingo zote kwa mwengine, mtu asishone nguo nzima peke yake. Binti akaandika, akaibadilisha ratiba yote, na akawaambia wenzake kwamba mpango huu ni wa bibi. Sare ziliisha siku moja kabla. Na bi mkubwa sasa anamwita mjukuu wangu.

Ukiniuliza mimi, kazi ya siku ile moja ilikuwa na uzito wa muhula mzima. Lakini pia naamini kwamba asingekuwa na darasa nyuma yake, angelia uani, akarudi nyumbani, na akasema watu wa ushoni wana roho mbaya. Darasa ndilo lililompa swali la kujiuliza: nimekosea wapi, na huyu anahitaji nini kwangu? Nadharia ni kama ile karatasi ya kaki. Haivaliwi. Lakini anayekata bila ya kuchora anaharibu vitambaa vya watu wengi kabla hajajua, kama nilivyoharibu mimi kwa miaka kumi na miwili.

Kuna atakayenipinga. Ataniambia kwamba wakubwa wetu waliongoza bila ya chuo, na atanitajia Bibi Titi Mohamed. Kweli. Bibi Titi hakupita chuo kikuu. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, na akawafikia kupitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa sababu mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma. Lakini tuziangalie ngoma zile zilivyokuwa. Mna mkubwa na wadogo, mna michango, mna sare, mna kupatanisha waliogombana. Kile kilikuwa chuo cha vitendo. Mtu aliingia msichana akakomaa humo. Leo wangapi kati ya binti zetu wana kitu kama kile? Na chama hicho hicho cha TANU hakikuridhika na vipaji vya kuzaliwa tu. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa Chuo cha Kivukoni kwa ajili ya kuandaa viongozi, na chuo hicho ndicho leo kinachoitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Wazee walijua kwamba kipaji kinahitaji kusomeshwa.

Mwengine atasema mwanamke na uongozi ni mambo ya kuangaliwa katika dini. Dada yangu, mimi si mwanachuoni, na mambo ya nani ashike dola nawaachia wenyewe. Mimi nazungumzia watu saba ndani ya chumba. Nazungumzia madrasa ya watoto arubaini na ukunga wa wodi moja, upatu wa wanawake kumi na tano wanaokabidhiana fedha, nyumba yenye watoto watano na mama mkwe. Ile hadithi ya mchunga sote tunaijua, kwamba kila mmoja wetu ana anaowachunga na ataulizwa juu yao, na mwanamke ametajwa humo wazi. Kama nitaulizwa siku ya Kiama, kwa nini nisisomee?

Na sasa ndiyo nimefika kwenye lililonifanya niandike.

Siku chache kabla ya Ramadhani, mama yake yule binti alikuja dukani. Anauza mikate ya kumimina na chapati, na ada ya chuo ya miaka miwili imetoka kwenye mikate hiyo. Alikuja kuagiza gauni. Binti yake ameposwa, harusi ni Mfunguo Tatu, inshaAllah. Nikampongeza, nikachukua futi. Akakaa, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini wamesema chuo aache. Umebaki mwaka mmoja. Wanasema angekuwa anasoma udaktari wangengoja. Lakini uongozi, wanauliza, ataongoza nani? Ataongoza masufuria?"

Maneno haya yangekuwa yangu miezi mitatu nyuma. Neno kwa neno. Ndiyo maana yaliniuma.

Nataka niwajibu hao wakwe, na wakwe wote wenye maneno kama haya, kwa heshima. Mnamchukua msichana mtakayemkabidhi nyumba, mtoto wenu wa kiume, na wajukuu watakaokuja. Mnataka awe na subira, ajue kusikiliza, ajue kunyamazisha ugomvi, asiogope kukiri kosa, asimdhulumu mtumishi wa ndani, aweze kupanga cha leo na cha kesho. Haya ndiyo anayoyasoma. Kumkatisha sasa ni kulivua gauni kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja, na kusema linatosha. Na ada ya miaka miwili, ile mikate ya mama yake, mtaiweka wapi?

Na kwa mabibi harusi wenyewe: mkitaka kuendelea na masomo, lisemeni kabla ya akdi. Msiseme nikishaolewa nitambembeleza. Mwambie baba yako au walii wako alifikishe upande wa pili kwa maneno mazuri, na muulizeni kadhi au sheikhe mnayemwamini namna ya kuliweka ili kila mmoja ajue ameahidi nini. Tunaandika mahari, tunaandika seti ya dhahabu na kitanda, mpaka idadi ya sahani za pilau tunakubaliana. Mwaka mmoja wa chuo unatushinda kuutamka?

Kwa wanafunzi: msisome uongozi kama mnavyosoma majina ya mito. Ombeni dhamana ndogo sasa hivi. Simamia darasa la madrasa, shika daftari la upatu, pika futari ya watu thelathini pamoja na wenzako na uone nani atagombana na nani. Kila usiku andika nini kimeharibika na sehemu yako wewe ni ipi. Na mkienda kwa watu wenye kazi zao, kaeni kwenye kigoda kwanza.

Kwa walimu wa vyuo: mnapotuletea wanafunzi, msiridhike na saini. Njooni muulize mtoto amepewa watu wangapi na ameharibu nini. Kama amepiga fotokopi wiki nane, hajafanya vitendo vya uongozi, amefanya vitendo vya fotokopi.

Na kwa wenzangu wenye maduka, mapishi, saluni na vyumba vya kushonea: mpokeeni mwanafunzi, na msome anachoandika kabla ya kutia saini. Kitauma. Mimi kiliniuma, lakini sijakesha tena kwa kosa lililofichwa tangu siku ile.

Daftari nililitia saini, ukurasa wote kama ulivyo, na lile neno la kiimla sikulifuta. Chini yake niliandika: Ni kweli. Tunajaribu.

Baba yake binti amekwishalipeleka neno upande wa pili, kwamba amalize huo mwaka mmoja akiwa mke wa mtu. Wameomba muda wa kufikiri. Mpaka ninapoandika haya jibu halijarudi. Gauni nimeshalichora kwenye kaki, lesi bado sijaigusa. Muombeeni, dada zangu, Mwenyezi Mungu amjaalie ndoa yenye heri na elimu yenye manufaa, asilazimike kuchagua moja kati ya hizo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.